Sensa ya Vifua katika Nchi Isiyo na Ila

Ipo nchi moja. Iko wapi, usiniulize. Ukiwa na haraka sana ya kujua, chungulia dirishani kwako. Watu wa nchi hiyo wana adabu mpaka inatisha. Ukimkuta mtu ameanguka kutoka juu ya paa, amelala chini na bati lake kifuani, ukamwambia "Hujambo?", atakujibu, "Sijambo, tunamshukuru Mungu," kisha atatulia kidogo na kuongeza, "ila mguu naona umegeuka." Ukipiga simu nyumbani kuuliza habari, utaambiwa nzuri, nzuri kabisa, mvua imenyesha, mbuzi kazaa mapacha, ila babu yako tumemzika juzi.

Ndivyo tulivyolelewa. Habari njema inatangulia mbele kwa king'ora, habari yenyewe inakuja nyuma kwa miguu. Kwa hiyo ukitaka kuijua nchi hiyo, usipoteze muda na maneno yaliyo kabla ya "ila". Kabla ya "ila" hakai mtu. Wote tunaishi baada yake.

Mimi niliijua siri hiyo tangu mdogo, na ndiyo maana hadithi hii siwezi kuisimulia kwa kujivuna. Huenda nikawachekesha, maana uso wangu umeumbwa hivyo, lakini tafadhali msinipigie makofi. Nilishapigiwa ya kutosha.

*

Mambo yalianzia kwenye mkutano wa mawaziri wa afya, huko mbali, kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine. Ajenda ilikuwa moja: pumu imeenea kiasi gani kwa kila taifa. Waziri wa kwanza akasimama, akasema, "Kwetu ni mtu mmoja katika kila kumi." Wa pili akasema, "Kwetu ni mmoja katika ishirini, na watoto wa mjini wanawazidi wa shamba." Wa tatu, mama mmoja mwenye miwani, akasema, "Sisi tunaogopa hata kutaja, maana wengi wetu hawajawahi kupimwa."

Ikafika zamu ya waziri wetu, Mheshimiwa Kipupwe. Akapekua karatasi zake. Akakuta orodha ya vyakula vya mchana.

"Kwetu," akasema kwa sauti nzito, "takwimu za pumu ni siri ya ulinzi."

Ukumbi ukacheka. Yule mama mwenye miwani hakucheka, alimwonea huruma, na hilo ndilo lililomwuma zaidi. Aibu ya mtu wa kawaida anaibeba mwenyewe mpaka nyumbani; aibu ya waziri inagawiwa wizara nzima. Aliposhuka tu kwenye ndege, hata mkoba wake haujafika, alisimama mbele ya waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi! Tutahesabu vifua! Kifua kwa kifua, mlango kwa mlango, bila kubagua kifua cha mkubwa wala kifua cha mnyonge! Wafadhili wametuahidi dawa za kuvuta, na dawa hizo zitafuata takwimu kama ndama anavyomfuata mama yake!"

Tukashangilia. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndama naye huwa anapotea, akafuata ng'ombe wa jirani.

*

Tuliajiriwa vijana mia nne, wote tumemaliza kidato cha nne na wote hatuna pa kwenda. Semina ilikuwa ya siku tatu. Siku mbili na nusu zilikwenda kwenye ufunguzi. Tukapewa kofia nyeupe zenye maandishi SENSA YA VIFUA. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Kitojo, mtu mwenye kalamu nne mfukoni, zote zimekauka isipokuwa ile nyekundu.

Fomu ilitakiwa kuwa na swali moja tu: "Una pumu?" Kamati ikagoma.

"Unaingiaje kwenye nyumba ya watu," akafoka mjumbe mmoja, "unawauliza 'una pumu' bila hata salamu? Tumekuwa nyani?"

Wakakubaliana kwamba lazima pawe na salamu. Tatizo, salamu za kwetu zikiwa nzima zinachukua robo saa, na kila kifua kilipangiwa dakika mbili. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Bwana Kitojo akapata ufumbuzi: salamu yenyewe iwe ndiyo swali. Karani aseme "Hujambo?", na fomu iwe na visanduku viwili, HAJAMBO na ANA JAMBO. Kwisha kazi.

Dada mmoja aliyekaa safu ya mbele akanyoosha mkono. "Samahani, mzee. Na mtu akisema, 'Sijambo, ila kifua kinanibana'?"

Swali zuri linaudhi sana likija karibu na saa ya chakula, na harufu ya pilau ilikuwa imeshatufikia kutoka nje.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Tangu shuleni mimi ndiye niliyekuwa nakaa nyuma na kuchekesha darasa. Nikapaza sauti: "Mzee, si tuwakate hapohapo kwenye 'ila', tukale? Ila maana yake si kasoro? Tangu lini Serikali yetu ikakusanya kasoro?"

Watu wakaangua kicheko. Hata yule dada aliishia kutabasamu. Bwana Kitojo peke yake alibaki na uso mkavu. Akachomoa kalamu nyekundu.

"Rudia," akaniambia. "Rudia polepole."

Ndivyo ilivyozaliwa Kanuni ya Nne: *Jibu la kwanza ndilo jibu la Serikali. Maneno yote yatakayofuata neno "ila" yatahesabiwa kuwa ni mazungumzo binafsi.* Nikapigiwa makofi nikiwa nimesimama, nikala pilau sahani mbili.

*

Wiki ya kwanza tulikwama kwa wazee. Kijana huwezi kumwendea mzee ukamwambia "Hujambo" kavukavu. Unaanza na shikamoo. Mzee anajibu "Marahaba". Sasa fomu haina kisanduku cha marahaba. Makarani wakaacha wazi, na kompyuta ya wizara ilipoona mtu si ANA JAMBO wala si HAJAMBO, ikaandika kwamba watu wote waliozidi miaka sitini hawapumui. Mheshimiwa Kipupwe alikuwa ameshatuma rambirambi kwa mikoa miwili, ndipo ukatoka Waraka wa Kofia. Shikamoo itolewe kofia ikiwa mkononi. Hiyo ni ya mtoto kwa mzazi. Kisha kofia ivaliwe, na "hujambo" itakayofuata ni ya Serikali.

Baada ya hapo kazi ikateleza. Mimi nilianzia mji mkuu, mtaa wa Upepo Mwanana, wanakokaa wakubwa kwa sababu moshi wa mji haufiki. Nikabonyeza kengele. Mama mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Hujambo, mama?"

"Wewe nani? Nani kakuruhusu kufika getini? Mtoto ndiyo kwanza kalala, mbwa anapiga chafya tangu juzi, na wewe unakuja kubonyeza kengele!"

Nikatafuta "sijambo" humo ndani, sikuiona. Kanuni ni kanuni. Nikatia alama: ANA JAMBO. Nyumba ya pili hivyohivyo. Ya tatu nilifukuzwa kwa mpira wa kumwagilia maua.

Nikaenda kwenye kijiwe cha mafundi magari. Vijana kumi na wawili, vifua kama milango ya ghala.

"Hamjambo, wakubwa?"

"Ngumu, kaka!"

"Hali tete!"

"Serikali inatuuliza hali? Kimeumana!"

Wote kumi na wawili, ANA JAMBO. Mmoja akachungulia fomu yangu. "Sasa hapo tumepata nini?"

"Mmepata pumu."

"Wote?"

"Wote."

Akawageukia wenzake. "Oya, tumepata!" Wakagongeana mikono.

Halafu shule. Shule ndiyo niliyoipenda. Nikasimama mbele ya mistari, kofia kichwani: "Hamjambo, watoto?" Wakaitikia kwa pamoja, "Hatujaaambo!" Vifua mia sita na arobaini kwa sekunde moja, rekodi ya nchi. Mtoto mmoja wa kike, amevaa sweta juani, aliitikia peke yake baadaye, alipopata pumzi: "...jambo." Wenzake wakamcheka. Nami nikacheka, nikamwambia, "Wewe umekuja na basi la jioni?" Nikaandika mia sita na arobaini, hawajambo.

Kwa hiyo ramani ya pumu ya nchi yetu ikaanza kujichora yenyewe. Pumu ilikuwa inawapata wasio na adabu.

*

Kisha nikapangiwa Tanurini, kwetu.

Tanurini wanachoma chokaa. Mawe yanachomwa kwenye tanuri, yanamwagiwa maji, yanapasuka kuwa unga, na wanawake wanauchekecha unga ule mchana kutwa. Ni chokaa hiyo inayopakwa kwenye mawe ya kando ya barabara na kwenye mashina ya miti kila kiongozi anapotembelea mahali. Ukitaka kujua viongozi wetu wanasafiri kiasi gani, usisome gazeti. Nenda Tanurini ukasikilize vifua.

Aliyenilea ni mamdogo Sikudhani, mdogo wake marehemu mama. Alikuwa amechekecha chokaa miaka kumi na tisa. Nyusi zake zilikuwa nyeupe tangu mimi niko darasa la pili. Kifua chake kinapiga filimbi. Nikiwa mdogo nilidhani kina mama wote wanapiga filimbi. Nilipokwenda kukaa kwa jirani siku mbili, nilishindwa kulala kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Nesi Mwanahawa wa zahanati ndiye aliyempa inhela, kile kichupa cha bluu cha kuvuta dawa, naye mamdogo akawa anakifunga kwenye pindo la kanga kama wengine wanavyofunga sarafu. Neno "pumu" halikutamkwa kwetu. Watu wanasema pumu ni ya ukoo, na ukoo wetu ulikuwa na mabinti wa kuozwa. Kwa hiyo sisi tulikuwa na "kifua" tu.

Nilimkuta uwanjani, chekeche mkononi, kajifunga mtandio puani. Nyuma yangu alikuwepo Bwana Kitojo, kaja kukagua.

Nikavua kofia. "Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba, Chande! Mbona umekonda? Huko mjini hawapiki?"

"Wanapika, mamdogo." Nikavaa kofia. Sauti ikabadilika yenyewe. "Hujambo?"

Akacheka. "We mtoto! Si nimeshakuitikia? Na hilo sufuria kichwani la nini?"

"Ni Serikali, mamdogo. Hujambo?"

Aliposikia Serikali akaweka chekeche chini, akajifuta mikono, akashusha mtandio, akasimama wima kama anapigwa picha. "Sijambo, baba. Sijambo kabisa, tunamshukuru Mungu. Ila..."

Hiyo "ila" ilimchukua muda. Filimbi ikapiga, mabega yakapanda mpaka karibu na masikio, mkono ukaanza kutafuta pindo la kanga. Bwana Kitojo akatazama saa.

"Kanuni ya Nne, kijana," akaninong'oneza, kwa fahari kama baba. "Yako mwenyewe hiyo."

Nikatia alama: HAJAMBO.

Mamdogo akavuta dawa yake mara mbili, akatulia, kisha akamalizia maneno yake yote, taratibu, kama mtu anayemhesabia mgeni mizigo yake. "Ila asubuhi naamka kama mtu kanikalia kifuani. Na kile kilima cha zahanati siku hizi nakipanda kwa vituo. Na Nesi kasema hii dawa isinikose hata siku moja. Umeandika, mwanangu?"

"Nimeandika, mamdogo."

"Yote?"

"Yote."

"Haya. Maana Serikali ikijua, si itasaidia?"

Jamani. Nimewahi kudanganya walimu, wasichana na mgambo. Uongo mwingi nimeshausahau. Ule wa herufi nne bado uko mdomoni, na una ladha ya chokaa.

*

Matokeo yakatangazwa redioni. Mafundi magari wa mjini, pumu asilimia tisini na moja. Upepo Mwanana, asilimia sabini na nane. Tanurini, wenye adabu kuliko wote: sifuri.

"Taifa limeshangaa!" akanguruma Mheshimiwa Kipupwe. "Nikawauliza wataalamu wangu, kwa nini Tanurini? Wakafikiri. Mimi nikafikiri zaidi yao. Ni chokaa, ndugu wananchi! Vumbi la chokaa linapaka mapafu kwa ndani, kama tunavyopaka nyumba kwa nje! Kuanzia leo Tanurini itaitwa Kifua cha Taifa!"

Na dawa ikafuata takwimu. Zile za wafadhili zikaenda kwa wakubwa na mafundi magari. Ikaonekana pia kwamba kuacha dawa ya pumu mahali pasipo na pumu ni kuitukana hesabu, hivyo hata zilizokuwa kwenye zahanati ya Tanurini zikusanywe. Tukatumwa Bwana Kitojo na mimi. Nilikuwa nimepandishwa cheo: Karani Bora, kwa utumishi uliotukuka katika Kanuni ya Nne.

Nesi Mwanahawa ni mwanamke mfupi asiye na haraka. Alisimama katikati ya mlango. "Inhela thelathini na mbili mnachukua. Na wanaozitumia?"

"Hawapo," akasema Bwana Kitojo, akamnyooshea fomu. "Jisomee."

Nesi akasoma kwa sauti. "Sikudhani binti Farijala. Hajambo. Karani..." Akainua macho, akanitazama. Bora angenizaba kofi.

Mamdogo alikuwa kwenye benchi palepale, kaja kuchukua kichupa kipya. Alichokuwa nacho kilikuwa kinaishia. Bwana Kitojo akanyoosha kiganja. "Na hicho cha kwenye kanga, mama. Huwezi kumiliki dawa ya ugonjwa usio nao. Huo ni uhujumu."

Akalifungua fundo polepole. Kile kiganja cha Bwana Kitojo akakipita, akakiweka kichupa kwenye changu. Kilikuwa na joto la mwili wake.

"Ni kazi, mwanangu," akasema. "Kazi ni kazi."

Nikakitia kwenye sanduku pamoja na vingine. Nikazungushia utepe, nikapiga mhuri, nikasaini juu yake kwamba halitafunguliwa na mtu yeyote isipokuwa mimi.

*

Siku kumi na mbili baadaye Mheshimiwa akaja kuiona Tanurini. Ziara inataka chokaa. Kwa hiyo wanawake walichekecha siku zote hizo bila kupumzika. Mawe yakapakwa, miti ikapakwa, na mbuzi mmoja aliyesimama vibaya naye akapakwa mguu. Mamdogo aliteuliwa kuwa mfano wa kifua bora. Siku hizo kumi na mbili zote alikuwa hana dawa. Mimi nilikuwa mshika maikrofoni. Sanduku lilikuwa kwenye gari la wizara, likisubiri kuondoka na msafara kwenda Upepo Mwanana.

"Hamjambo, Kifua cha Taifa?"

"Hatujambo!" uwanja ukaitikia, kisha ukakohoa wote kwa pamoja.

"Mnasikia?" Mheshimiwa akatugeukia sisi wa jukwaani. "Huo ndio mngurumo wa afya!"

Akamwita mamdogo mbele. "Mama huyu amevuta vumbi la chokaa miaka kumi na tisa. Mtazameni! Hujambo, mama?"

Nikamsogezea maikrofoni. Ningependa kusema sikuona kitu. Niliona. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na ngozi ya shingo ilikuwa inazama kati ya mifupa kila anapovuta. Filimbi ilipita kwenye spika zote nne, uwanja mzima ukaisikia. Akamtazama Mheshimiwa, akanitazama mimi, akaitazama kofia yangu. Nikajua anachokipima: akisema kweli, aliyeandika uongo ni nani?

"Sijambo," akasema. Ikabidi avute tena. "Mheshimiwa."

Akaishia hapo. Maneno mengine yote akayameza kwa ajili yangu.

Wakati wa makofi akayumba. Nesi Mwanahawa akamdaka, akamkalisha nyuma ya jukwaa. Mimi nikabaki nimesimama, maikrofoni mkononi, watu elfu moja mbele yangu. Nikavua kofia.

"Jamani," nikasema. "Mamdogo wangu ana pumu. Nilimwandika hajambo, na nilijua. Na ile kanuni ya kukata maneno kwenye 'ila' niliitunga mimi, kwa njaa ya pilau."

Watu wakacheka.

Naapa, walicheka. Tanurini wananijua: huyo ni Chande, Chande wa vituko. "Ameanza huyo!" mmoja akapiga kelele. "Mwambie Mheshimiwa na ile ya jogoo wa mwalimu!" Mheshimiwa alicheka kuwashinda wote, akajipiga paja. Nikasema, "Sio utani!" Wakazidi, maana ndivyo ninavyosema siku zote kabla ya utani. Machozi yakanitoka. Nikamsikia mtu akisema, "Ana kipaji, angalia anavyolia."

Wakacheka mpaka kicheko kikawashika vifua. Mmoja akaanza kukohoa, akafuata jirani yake, halafu safu nzima, watu wakichuchumaa na kushikana mabega.

Nikatupa maikrofoni, nikakimbilia gari.

"Hilo la Upepo Mwanana, kijana," dereva akasema.

"Sahihi hii ya nani?"

Akaisoma. Akanisoma na mimi. Akageuza uso upande wa pili, akaanza kupangusa kioo. Nikaung'oa utepe kwa meno.

Bwana Kitojo akaja mbio. "Unaharibu takwimu za Taifa! Hapa hakuna mgonjwa! Nionyeshe mgonjwa mmoja tu kwenye karatasi!" Nyuma yake watu zaidi ya hamsini walikuwa chini, wakitafuta hewa. Hakugeuka. Yeye karatasi alikuwa nazo mkononi.

Nesi Mwanahawa alikuwa ameshatoboa kitako cha chupa ya maji. Akaichomeka inhela kwenye tundu, dawa isipotee hewani, akauweka mdomo wa chupa kwenye mdomo wa mamdogo. "Toa pumzi, mama. Sasa vuta, taratibu. Tena. Usiogope, vuta." Nikapiga magoti nikahesabu kila pumzi. Katika sensa nzima hicho ndicho kifua pekee nilichokihesabu kweli. Nilipofika thelathini na nne, mabega yakashuka.

*

Nesi aligawa inhela zote palepale, kwa watu ambao kwenye karatasi walikuwa hawapo. Sanduku tupu likafungwa upya, likapelekwa Upepo Mwanana, likapokewa kwa ngoma. Mpaka leo hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyelifungua. Mimi nilinyang'anywa kofia kwa kosa la kuharibu utepe, na ripoti ya mwaka ikatoka hivi: *Tanurini: pumu, sifuri. Wizi wa dawa za pumu, tukio moja.* Ndiyo namba pekee ya kweli kwenye ukurasa ule, na ni mimi.

Alasiri ya siku ile nilimrudisha mamdogo nyumbani, nikamlaza kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nikakaa chini mbele yake nikisubiri. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Nilitamani. Nilikuwa nimeshachagua hata matusi, yale yanayonifaa.

Aliangalia mikono yake, yenye chokaa kwenye mistari ya viganja. Kisha akasema, "Chande."

"Naam, mamdogo."

"Umekula?"

Maisha yangu yote swali hilo nilikuwa nalijibu "Nimeshiba", hata tumbo likiwa linaunguruma. Nikaamua siku hiyo nisimdanganye tena, hata kwa kidogo.

"Bado, mamdogo. Tangu asubuhi."

Akashika ukuta, akaanza kuinuka akawashe moto.

"Kaa," nikamwambia. "Kaa, mamdogo. Nitapika."

"Wewe?" Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Ugali wako nani ataula? Na kuni zenyewe zimelowa, zitatoa moshi tu."

"Nitapika nje."

Nikayatoa mafiga jikoni moja moja, yote matatu, nikayaweka uani. Nikayapanga mbele ya mlango, palepale alipokuwa akiyapanga yeye. Kisha nikasita. Nikalamba kidole, nikakiinua juu, nikangoja. Nikayabeba tena mpaka upande wa pili wa nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimelelewa na mwanamke yule tangu nina minne, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuangalia upepo unaelekea wapi kabla sijawasha moto.